Kuhamisha gemu siyo kushusha upya, acheni kuchoma bando

Jana tena. Kaja kijana na laptopu yake na SSD mpya (diski ya kasi isiyozunguka) mkononi, ananiambia "fundi nifungie hii, GTA V nimeshaifuta kule C ili niishushe upya humu". Nikamuuliza umeifuta kabisa? Kabisa kaka. Gemu ya zaidi ya GB 100, na mwenyewe ananihadithia alivyoishusha mwanzo kwa bando la usiku, anawasha saa sita anaamka alfajiri kuzima, karibu wiki tatu nzima. Iliniuma kweli maana angenipigia simu tu kabla ya kubonyeza ile futa, nusu saa nyingi tungekuwa tumemaliza. Na siyo wa kwanza, mwezi huu peke yake nimesikia maneno hayo hayo mara nne, kwa hiyo leo naandika niyamalize.

Dhana yenyewe ni hii: gemu ukishaiinstoli kwenye diski moja haihamishiki, lazima uifute halafu uishushe tena. SIYO KWELI. Gemu ni mafaili kama mafaili mengine, yamekaa kwenye folda, na mafaili hayajali yako diski gani. Kinachojali ni ile programu inayoiendesha, Steam au Epic (programu za kununulia na kufungulia gemu) au Windows yenyewe, yeye ndiye ameandika mahali kwamba gemu fulani iko sehemu fulani. Ukihamisha folda bila kumwambia atasema haipo, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wanaona kitufe cha Install wanadhani kila kitu kimepotea.

Kwa Steam kazi imeshafanywa mwanzo mwisho, wewe ni kubonyeza tu. Ingia setingi, nenda sehemu iliyoandikwa Storage, ongeza ile diski mpya, kisha rudi kwenye diski ya zamani, weka tiki kwenye gemu unayotaka halafu bonyeza Move. Au bonyeza kulia kwenye gemu, Properties, Installed Files, Move install folder, ni kitu kile kile. Anahamisha mwenyewe, anarekebisha kumbukumbu zake mwenyewe, ukimaliza unacheza. Hakuna bando linalotumika kwenye kuhamisha, hata waya wa intaneti ukiuchomoa hajali.

Piga hesabu uone kwa nini nakasirika. Diski ya kuzunguka ya kawaida inakopi kama MB 100 kwa sekunde ikiwa na hali nzuri, kwa hiyo GB 100 ni kama dakika 20, haya tuseme 40 kwa sababu ya vifaili vidogo vidogo vinavyochelewesha. Hata ukipita kwenye USB 2.0 ile ya zamani ni kama saa moja hivi. Sasa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ambayo wengi hapa hatuipati muda wote, mzigo huo huo ni zaidi ya saa 22 bila kukatika hata mara moja. Saa moja kwa bure, au siku nzima kwa hela yako, chagua.

Na hata kama umeshapiga chini Windows ukaweka mpya, gemu iliyokuwa diski ya pili haijaenda popote. Instoli Steam, ingia akaunti yako, ongeza ile diski kwenye Storage, atakuta folda ya SteamLibrary na magemu yote yatarudi kwenye orodha. Hii kitu watu hawaijui kabisa, mtu anabadilisha Windows leo kesho anaanza kushusha Dota upya wakati mafaili yamelala D yanamsubiri.

Siri yenyewe iko kwenye folda ya steamapps. Ndani yake kuna folda inaitwa common, humo ndimo gemu zenyewe zinakaa, halafu pembeni kuna vifaili vinaanza na appmanifest vikifuatwa na namba, kila gemu ina namba yake, GTA V ile ya zamani (Legacy) ni 271590, Counter-Strike 2 ni 730. Kakifaili hako kadogo ndiko kanakomwambia Steam gemu ipo. Ukikopi kwa mkono kopi vyote viwili, folda na kakifaili kake, weka kwenye steamapps ya diski mpya, folda ndani ya common na kakifaili nje yake, funga Steam ufungue tena. Umesahau kakifaili? Usiogope kitufe cha Install, kibonyeze tu ukichagua ile diski uliyoweka folda, ataanza kukagua mafaili yaliyopo kwanza na atashusha yale yaliyopungua tu. Ukimaliza bonyeza Verify, akague mafaili yote, kwa usalama.

Halafu kama nyumbani kuna kompyuta mbili, tangu 2023 Steam inaweza kuvuta gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia waifai ya ndani au waya wa mtandao. Kaka mtu anayo, mdogo mtu anaitaka, hakuna haja ya kila mmoja kuchoma GB zake. Gemu yenyewe lazima akaunti yako iwe na haki ya kuicheza, hilo halibadiliki, ila mafaili hayahitaji kushushwa kutoka intaneti mara mbili.

Epic ina njia yake ya kuzunguka kidogo. Kopi folda ya gemu weka pembeni kwa jina lingine, futa gemu ndani ya Epic, anza kuiinstoli upya ukichagua diski mpya, ikifika asilimia moja au mbili simamisha na uifunge Epic kabisa. Chukua ile nakala yako mwage ndani ya folda mpya aliyoitengeneza, kubali kufunika, fungua Epic uendelee. Atakagua, atakuta karibu vyote vipo, atamalizia kidogo. Hatua ya kwanza ya kuweka nakala USIIRUKE maana ukishafuta bila nakala hapo kweli utashusha upya.

Haya, kuna na wa upande wa pili, wanaosema "mimi huwa nakata napesti tu basi". Gemu nyingine zitakubali, GTA San Andreas mara nyingi inakubali. Ila kuna zinazoandika njia yake, yaani anwani ya folda, kwenye rejista ya Windows (daftari lake la setingi), PES 2013 ni mfano mzuri na bado vijana wanaicheza kila kona, ukiihamisha inaendelea kutafuta folda ya zamani. Dawa ni ama ubadilishe hiyo njia kwenye rejista, ama uweke kiungo: hamisha folda yote kwenda D, hakikisha kule C haipo tena kwa jina lile, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama admini uandike mklink /J kisha njia ya zamani kwenye alama za kunukuu kisha njia mpya nayo kwenye alama za kunukuu. Windows na gemu vitaona kama folda bado iko C wakati mzigo uko D. Natumia hii miaka yote, haijaniangusha.

Lakini kukata hapana, nawaomba. KOPI. Unakata, umeme unakatika katikati, nusu ya mafaili iko huku nusu iko kule na hujui lipi limefika zima lipi limefika bovu. Ninachofanya mimi ni kukopi, kisha folda ya zamani naibadilisha jina naongeza neno "zamani" mwishoni, nacheza nusu saa kwenye diski mpya, nikiona inafunguka na inapakia vizuri ndiyo naifuta ile ya zamani. Hii ni kwa gemu yoyote unayoihamisha kwa mkono, na wateja wangu wote nawafundisha hivyo.

"Nimeikopi kwenye fleshi lakini kwa rafiki haifunguki." Umekopi ikoni ya desktopu, ile ni shotikati, ni kielekezo tu cha kilobaiti chache. Gemu haiwezi kuwa KB 2 mpendwa, angalia ukubwa kabla hujachomoa fleshi.

"Nikihamisha nitapoteza sevu zangu, nitaanza mishen ya kwanza." Sevu nyingi hazikai kwenye folda ya gemu. San Andreas ziko Documents kwenye GTA San Andreas User Files, GTA V ziko Documents ndani ya Rockstar Games, PES 2013 ziko Documents ndani ya KONAMI, nyingine zimejificha AppData. Ukihamisha gemu tu zinabaki palepale. Unazipoteza ukipiga chini Windows bila kuokoa Documents, na hapo diski mpya haihusiki kabisa.

Hii nayo inanichosha: "nimehamishia D ili iwe nyepesi". Fungua Disk Management (sehemu ya Windows inayoonyesha diski zako) uangalie. Laptopu nyingi zina diski moja tu ambayo fundi aliigawa vipande viwili, C na D, kwa hiyo umetoa gemu chumba hiki ukaipeleka chumba cha pili kwenye nyumba ile ile. Nafasi kule C utapata, kasi hupati hata kidogo. Na hata ukihamishia SSD ya kweli usitegemee FPS (picha kwa sekunde) zipande kutoka 25 kwenda 60, FPS ni kazi ya kadi ya picha, prosesa na RAM. SSD inapunguza kusubiri wakati wa kupakia, na ule mkwamo wa barabara kuchelewa kutokea ukiwa unaendesha gari kwa kasi. Ila kwa gemu za sasa hivi nisikilizeni vizuri, Starfield na Baldur's Gate 3 zinataka SSD kwenye mahitaji yake rasmi, hizo usihamishie diski ya kuzunguka eti unaokoa nafasi.

Anayekopi akaambiwa faili ni kubwa mno wakati eksteno (diski ya nje) ina GB 300 wazi, eksteno yako iko FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Iweke NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho. Kama kuna vitu ndani usiifomati, kuna amri ya convert inaibadilisha bila kufuta, ila bado weka nakala ya vitu vya maana kwanza.

Na wale wanaocheza moja kwa moja kwenye eksteno, inawezekana, tumia USB 3.0. Tatizo lenu ni herufi ambayo Windows inaipa diski. Leo umechomeka imekuwa F, kesho umetanguliza fleshi ikawa G, Steam anakwambia gemu haijainstoliwa na wewe unaanza kushusha! Ingia Disk Management uipe eksteno herufi ya mbali ambayo haigombaniwi, mimi huwa napenda S, haitabadilika tena kwenye kompyuta hiyo.

Wa PS5 msichanganye na PS4. Gemu ya PS4 unaicheza ikiwa kwenye eksteno bila shida, gemu ya PS5 yenyewe unaweza kuihifadhi tu kwenye eksteno ya USB, ukitaka kuicheza unairudisha ndani au kwenye SSD ya M.2 (ile nyembamba ya kuchomeka ndani) iliyofungwa mle mle. Kuirudisha huko ni kukopi pia, usiifute.