Upendo tunao, ila umeishia kambini

Nikiitwa kusuluhisha pande zisizosalimiana, hakosi mtu wa kuninong'oneza: "Hawa hawana upendo." Mimi naona kinyume. Mtu anayekesha kando ya kitanda cha mgonjwa wa upande wake, anayechanga mpaka akiba inakauka, huyo ana upendo tele. Ila umefika mpakani mwa kambi ukagota. Wakati mwingine upendo huo huo ndio unaoinoa chuki: nakuchukia wewe kwa sababu nawapenda wangu.

Mwanasosholojia Pitirim Sorokin alilisema hili zamani. Huyu ni Mrusi aliyeponea chupuchupu hukumu ya kifo mwaka 1918, akafukuzwa nchini mwake 1922. Mwaka 1949, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianzisha kituo cha kuchunguza upendo usio na ubinafsi kwa bidii ile ile ambayo wenzake waliitumia kuchunguza uhalifu. Aliupima kwa vipimo vitano: nguvu, upana, muda, usafi wa nia, na kama kweli unamfaa anayepewa. Katika kazi yangu, vinavyonitoa jasho ni upana na kufaa.

Upana ni mgumu kwa sababu mipaka tunaichora upesi mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwaambia wavulana kwamba wamegawanywa kwa kufuata michoro ya msanii waliyempenda zaidi, kisha akawaachia wawagawie malipo wenzao wa makundi yote mawili. Walielekea kukubali kundi lao lipate pungufu ya lile ambalo lingeweza kupata, mradi liwapite wale wengine. Kwa mchoro tu! Sasa fikiria pande ambazo kila moja imezika watu wake kwa mkono wa nyingine.

Kuhusu kufaa, somo nililipata kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo niliwahimiza watu wa pande mbili wakumbatiane mwisho wa kikao. Picha zilitoka nzuri. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alikumbatiwa huku mikono yake imening'inia tu, kama nguo kwenye kamba. Hakurudi tena. Alichotaka ni mtu wa upande ule aketi asikilize jina la kijana wake bila kujitetea, nami nikampa kumbatio kwa sababu nilitaka kikao changu kifane. Ule haukuwa upendo, ulikuwa ubinafsi wangu uliovaa nguo zake.

Ndiyo maana huwa nawaonya watu kuhusu masimango. Ukimsaidia mtu wa upande wa pili halafu ukahesabu ("tuliwapa maji, mbona hata asante hawasemi?"), umemkopesha, na deni kati ya mahasimu ni kidonda kipya. Tenda wema nenda zako ni ushauri mgumu zaidi pale unayemtendea anaposhuku kwamba umeficha kisu.

Wala sisemi mpendezwe naye. Martin Luther King alilishikilia neno la Kigiriki agape kwa sababu hiyo: unaweza kumtakia mema na kumtendea mema mtu usiyependezwa naye hata kidogo. Na aliyedhulumiwa asiambiwe anyamaze kwa jina la upendo; kumzuia mdhalimu asiendelee kudhulumu nako ni kumtakia mema.

Mikutano nayo haiponyi kwa kuwa mikutano tu. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana husaidia zaidi watu wakiwa na hadhi sawa, wakishirikiana kwa lengo moja, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Naongeza la kwangu: awepo mtu wa kuanza bila kuuliza mwenzake atalipa nini.

Nimemwona mmoja. Jua la alasiri lilikuwa linampiga usoni mama wa upande wa pili. Mzee ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa aliinuka, akaenda dirishani, akavuta pazia.

"Unataka nini, mzee?" mama akamuuliza kwa ukali.

"Jua, mama."

Akarudi kukaa. Hawakusemeshana tena siku ile. Kikao kilichofuata kilikuwa cha asubuhi, saa ambayo jua huingia kwa dirisha la upande wa mzee. Nilipofika nilikuta pazia la upande huo limeshavutwa, na yule mama, aliyewahi kuliko wote, ameinamia pochi yake anapekua kama mtu aliyepoteza ufunguo.