Si kila anayeangalia video za X ni teja

Hapa Tanga mwanamke akikutwa na video za X, yaani za ngono, kwenye simu, hukumu ni moja: "Huyo keshakuwa teja," yaani mraibu kama wa madawa ya kulevya. Nimeyasikia hayo kwenye kikoba Ngamiani, nikayasikia tena kwenye shughuli ya kumsinga bibi harusi, na safari hii msemaji alikuwa kungwi, mtu ambaye kazi yake ni kuyazungumza ya chumbani bila haya. Basi tuyanyooshe.

Uraibu ni mtu kushindwa kuacha kitu ambacho yeye mwenyewe anaona kinamharibia, na kuacha amejaribu. Marefu yake waachiwe madaktari.

Teja tunamjua. Aliyewahi kulala nyumba moja na kijana mwenye arosto ya unga hahitaji kusimuliwa: miayo haikatiki, makamasi yanachuruzika, mifupa inauma, tumbo linaendesha. Mama wa kideo, bando likimwishia, analala zake. Hata wataalamu wanasita kuliita jambo hili uraibu. Madaktari wa akili wa Marekani walipotoa mwongozo wao mwaka 2013 waliiweka kamari kwenye kundi la uraibu, picha za ngono wakaziacha. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua ugonjwa wa kushindwa kujizuia katika mambo ya ngono, video zikiwemo, lakini limeuweka kwenye kundi la kushindwa kuzuia misukumo, mbali na pombe na unga.

Orodha hiyohiyo inasema jambo ambalo kina mama wengi hawajalisikia: ikiwa kinachomtesa mtu ni kuona tu kwamba anafanya dhambi au jambo la aibu, hiyo peke yake haitoshi kumwita mgonjwa. Mwanamke aliyelelewa mwambao huu, chuoni tangu hajui kufunga ushungi, akiangalia mara mbili kwa mwezi anaweza kujiona ameoza. Anafuta, anatubu, anaapa, wiki ya tatu karudia. Huyo ana lake la kuzungumza na Mola wake. Daktari hana cha kumtibu.

Mwingine yeye hana aibu hata chembe. Ila macho mekundu kila alfajiri, unga wa vitumbua haukuumuliwa, mtoto kaenda shule hajaoga. Kuacha kajaribu mara kadhaa, kashindwa. Raha yenyewe ilishakwisha, anaangalia tu, na miezi sita imepita. Huyu ndiye wa kusaidiwa, na ndiye anayejificha zaidi, maana mwanamke kwetu hakuwekewa daraja la kati. Wanaume wakijazana kibanda umiza usiku wa manane, tunasema ni ujana. Yeye ama "wanawake hawaangalii mambo hayo," ama teja. Nani atathubutu kumwambia nesi?

Tena wanaomtangaza ndio wanaozirusha video zenyewe kwenye magrupu, ati "koneksheni hiyo." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuzisambaza picha za ngono, kwa hiyo mwenye kesi hapo ni mrushaji.

Na huyo aliyekwama hapelekwi soba hausi Bagamoyo kukaa na waliotoka kwenye unga. Anahitaji mshauri au daktari wa afya ya akili, atakayeuliza kwanza kilichomfikisha hapo. Mara nyingi tamaa ndiyo ndogo: usingizi umekataa, mume miezi hayupo, mawazo yamejaa, simu iko chini ya mto.

Kwa hiyo, somo yangu, kama ulichoona ni video kwenye simu ya mtu, sema "fulani anaangalia," au bora unyamaze. Ukiona kweli kuacha kumemshinda, mwite pembeni umuulize siku hizi analalaje.