Je, Wajua? Kwa Nini Tanipu Iliwahi Kushukiwa Kuleta Rovu

Mwaka 1928 watafiti wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walitoa taarifa ambayo hawakuwa wameitafuta. Walikuwa wakifuga sungura kwa ajili ya uchunguzi wa kaswende, na chakula kikubwa cha sungura hao kilikuwa kabichi. Alan Chesney na wenzake wakagundua kwamba wanyama wao wameota rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Kaswende haikuhusika. Shaka ikaangukia kwenye kabichi, na kabichi ina ukoo mkubwa: sukuma wiki, haradali, figili, chainizi na tanipu.

Miaka 21 baadaye, yaani 1949, mtafiti Edwin Astwood na wenzake walimnasa mhusika mmoja. Walimtoa kwenye mbegu za mimea ya ukoo huo na kwenye mizizi ya tanipu ya njano, binamu mnene wa tanipu nyeupe yenye mabega ya zambarau tunayoiona madukani. Kemikali hiyo ikaitwa goitrini.

Cha ajabu ni kwamba ukiikata tanipu sasa hivi, goitrini inatengenezwa palepale chini ya kisu. Kabla ya hapo karibu haipo. Mmea hauna miguu ya kukimbia mdudu, kwa hiyo huweka silaha yake vipande vipande. Upande mmoja kuna kundi la kemikali ziitwazo glukosinolati, upande mwingine kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinezi, kila kimoja chumba chake. Jino au kisu kikibomoa ukuta, vinakutana, na hapo ndipo unapozuka ule ukali unaopanda puani kama haradali. Glukosinolati mojawapo, progoitrini, ikivunjwa hivyo hugeuka goitrini.

Goitrini ikifika mwilini huisumbua tezi ya thairoidi, ile iliyokaa shingoni kama kipepeo. Tezi hii huyachukua madini joto (iodini) na kuyatumia kuunda homoni. Goitrini inazuia kazi hiyo. Ubongo ukiona homoni zimepungua, unaihimiza tezi ifanye kazi zaidi, na tezi isiyoweza kuzalisha inaishia kunenepa. Hilo ndilo rovu.

Sasa jiulize kama tanipu ni chungu mdomoni mwako. Huenda jirani yako anaiona tamu, na wote wawili mnasema kweli. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga fulani maabara, vumbi likapaa, mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu mno. Fox hakuonja kitu. Unga ule na goitrini vina kipande kimoja cha kemikali kinachofanana, na leo tunajua kwamba kipokezi cha ulimi kinachokihisi hutengenezwa na jeni liitwalo TAS2R38. Mwaka 2006 watafiti Mari Sandell na Paul Breslin waliwaonjesha watu mboga mbalimbali, tanipu ikiwemo. Wenye aina kali ya jeni hilo waliziona mboga zenye glukosinolati kuwa chungu zaidi kuliko wenzao, lakini mboga chungu zisizo na kemikali hizo hazikuwatofautisha. Kwa hiyo mtoto anayekunja uso mezani usimwite mdekaji haraka. Pengine ulimi wake unasoma kitu ambacho wako hausomi.

Je, binadamu amewahi kuugua kweli? Ndiyo, ila angalia kiasi. Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za bibi wa miaka 88, Mchina, aliyekuwa na kisukari. Kwa miezi kadhaa alikula kilo moja hadi moja na nusu ya bok choy, mboga ya majani ya Kichina, mbichi kila siku, akiamini itamsaidia sukari. Alifikishwa hospitali akiwa hoi, tezi yake imeshindwa kazi kabisa. Bok choy na tanipu ni spishi moja, *Brassica rapa*. Wakulima wa kale walichagua majani huku, mzizi kule.

Neno la kushika hapo ni "mbichi". Moto huiua mirosinezi, na maji ya kuchemshia huondoka na sehemu ya glukosinolati. Bakteria wa tumboni wanaweza kuvunja kiasi kinachobaki, lakini bakuli la tanipu iliyopikwa halimtishi mtu anayepata madini joto ya kutosha.

Asiyeyapata ana hesabu nyingine, na kwetu mfano wake si tanipu, ni muhogo. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti akiwemo François Delange walikuta miaka ya 1960 kwamba madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, ilhali rovu lilijaa kaskazini na kupungua sana kusini-magharibi. Baadaye muhogo ukawa mshukiwa mkuu. Mwili ukisafisha sayanidi ya muhogo hutoa thiosayaneti, inayogombania na madini joto mlango wa kuingilia kwenye tezi. Tanipu nayo hutoa thiosayaneti. Chumvi yenye madini joto ndiyo kinga rahisi kuliko zote.

Vipi kuhusu sifa kwamba tanipu inatibu kisukari na kuzuia saratani? Matokeo yanayovutia kuhusu kisukari yametoka zaidi kwa panya waliopewa dondoo nzito za tanipu, kitu ambacho sufuria yako haitoi. Kwa saratani, tafiti za watu wanaokula mboga za ukoo huu zimetoa majibu yanayopishana. Mimi nisingeacha dawa hata moja kwa sababu yake, na yule bibi ni sababu tosha.

Kama chakula, mzizi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, wenye vitamini C ya kuridhisha. Utajiri uko kwenye majani, ambayo wengi huyatupa: gramu 100 mbichi zina takriban miligramu 190 za kalisi, na vitamini K tele. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiyakatae, ila asile kidogo wiki hii na furushi wiki ijayo, maana vitamini K huipunguza nguvu dawa hiyo. Daktari wake aambiwe.

Na vile vijiti vya waridi ndani ya shawarma ya watu wa Sham (Siria, Lebanoni na majirani zao)? Ni tanipu ya achari, imepakwa rangi na kipande cha bitiruti. Hapo cha kuhesabu ni chumvi, si goitrini.