Vumbi jeusi kwenye rimu: lisome kwanza, ndipo ulipunguze

Wenye BMW, Mercedes na Volkswagen wana swali moja linaloingia gereji kila wiki: "Fundi, gari limeoshwa juzi tu, mbona rimu za mbele zimeshakuwa nyeusi?" Wenye Toyota IST na Passo hawaniulizi, wala si kwamba wao wanaosha sana.

Vumbi hilo halitoki barabarani. La barabarani hutua gari zima na maji yakipita linaondoka. Hili jeusi linazalishwa ndani ya breki. Ukikanyaga pedeli, kalipa inazibana pedi mbili kwenye diski inayozunguka, na katika kusuguana huko wote wawili wanalika, pedi na diski. Watu wengi huilaumu pedi peke yake. Lakini diski za magari mengi ni chuma cha kusubu, kwa hiyo sehemu kubwa ya unga huo ni chuma, umechanganyika na gundi, makaa na vitu vingine vilivyoshindiliwa kwenye pedi. Unaruka ukiwa wa moto, unanasa kwenye rangi ya rimu, kisha ukipata unyevu unashika kutu. Vile vidoadoa vya rangi ya chungwa kwenye rimu za fedha, ambavyo sabuni haivitoi, ndivyo hivyo. Huku pwani vinakuja haraka zaidi kwa sababu ya chumvi hewani.

Mbele kunachafuka kuliko nyuma kwa sababu ukifunga breki uzito wa gari unakimbilia mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Isitoshe, IST nyingi na Passo nyuma zina breki za dramu: vumbi lipo, ila limefungiwa ndani, unalikuta siku ya kufungua.

Sasa kwa nini Wajerumani? Breki zao zimeundwa kwa mtu anayekimbia kasi kubwa kwenye Autobahn, barabara kuu za Ujerumani, na anataka gari lishike papo hapo, hata asubuhi ya baridi, hata kwenye mvua. Pedi za namna hiyo zina chembe za metali zinazoikwangua diski, na ndiyo siri ya kung'ata kwake. Bei ya kung'ata huko ni vumbi. Pedi za magari mengi ya Japani zimetengenezwa kwa nyuzi laini zaidi: hazipigi kelele, haziili sana diski, na vumbi lake ni haba. Kundi la tatu ni pedi za seramiki, ambazo kampuni ya Kijapani ya Akebono ilianza kuzitengeneza miaka ya 1980. Wauzaji hupenda kusema hazitoi vumbi. Zinatoa, ila dogo, tena la kijivu hafifu lisilogandamana na rimu. Sehemu ya usafi unaouona ni tofauti ya rangi tu, na kwa mwenye rimu nyeupe hilo linatosha kabisa.

Kabla hujanunua chochote, chuchumaa ulinganishe rimu ya kushoto na ya kulia. Zikiwa nyeusi sawasawa, gari lako ni zima na unachozungumzia ni urembo. Moja ikiwa nyeusi kupita mwenzake, una ugonjwa. Endesha kidogo bila kufunga breki sana, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Ile yenye joto kali ndiyo ambayo kalipa yake haiachii, pedi inaburuzika muda wote. Na usisahau upande wa pili wa shilingi: wakati mwingine tairi lenye rimu safi ndilo bovu, pistoni inayoisukuma pedi imeganda, na mwenzake anafanya kazi ya wawili. Gari la hivyo huvuta upande mmoja ukikanyaga ghafla.

Mara nyingi mchawi ni pini za kalipa. Kalipa nyingi za magari madogo huelea juu ya pini mbili, kila moja ikiwa na kimpira cha kuzuia maji. Kimpira kikipasuka, maji yanaingia. Ukiichomoa pini unakuta grisi imekauka na kuwa utomvu wa kahawia, na ubavuni kuna mstari wa kutu. Pini nzima unaichezesha kwa kidole. Hii iliyokwama unaitoa kwa nyundo. Matokeo yake pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene, na rimu inapakwa masizi kila siku. Tiba ni kusafisha tundu, kubadili vimpira, na kupaka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Grisi ya kawaida ya bearing usikubali, inavimbisha mpira na baada ya muda pini inakwama upya. Kazi hii ni ya bei nafuu kuliko seti ya pedi, na mafundi wengi huiruka kwa sababu mteja haioni.

Breki zikiwa nzima, ndipo uende Kariakoo kutafuta pedi za vumbi kidogo. Angalia ubavuni mwa pedi. Nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa namba, kama FF au GG. Ya kwanza inaeleza ushikaji kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye joto kali: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu vumbi, ila zinakulinda usiteremke chini ya kile gari lilichokuja nacho. Pedi isiyo na maandishi yoyote, muuzaji akiapa ni ya seramiki, mwachie.

Mimi kwa gari la mjini, la foleni za Ubungo na safari za kawaida, nafunga seramiki bila wasiwasi. Kwa gari linaloteremka na mzigo milima ya Kitonga au Sekenke, nakataa kuongelea rimu. Weka pedi inayostahimili joto, osha rimu. Mwenye gari la Kijerumani ajue pia kwamba pedeli itabadilika kidogo, ile hali ya kugusa tu na gari likashika inapungua.

Pedi mpya juu ya diski yenye mifereji ni pesa imetupwa, kwa sababu mifereji hiyo inaila pedi kama tupa. Diski ina unene wa mwisho uliochorwa juu yake, mara nyingi baada ya maneno MIN TH. Ipime. Kisha pedi zizoeshwe: kutoka kilomita 60 kwa saa shuka hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara nane hivi, halafu endesha kidogo breki zipoe.

Yale masahani ya kuziba kati ya breki na rimu, usiyanunue. Yanazuia vumbi na hewa ya kupoza kwa pamoja.

Ulaya nao wameanza kulivalia njuga vumbi hili. Kanuni ya Euro 7 ya mwaka 2024, ya Umoja wa Ulaya kuhusu uchafuzi wa magari, imewawekea watengenezaji kikomo cha chembe za breki: kwa magari madogo ya kawaida miligramu 7 kwa kilomita, ya umeme tupu 3. Baadhi ya njia za kulipunguza zilikuwepo hata kabla ya kanuni hiyo: diski zilizopakwa tabaka gumu, kama zile za Porsche za tangu 2017, na Volkswagen ID.4 iliyorudi kwenye dramu nyuma.

Kuosha: rimu iwe ya baridi. Dawa inayogeuka zambarau ikikutana na chembe za chuma inafanya kazi kweli, ila isiachwe ikauke. Vile vidumu vya asidi wanavyotumia baadhi ya waosha magari vinang'arisha siku hiyo na kula rangi baadaye. Rimu ikishaoshwa na kukauka, paka nta. Sponji ya rimu isiguse bodi. Na breki isipulizwe kwa kompresa. Pedi za zamani, na nyingine zisizojulikana zilikotoka, zinaweza kuwa na asbesto, nawe unaivuta. Loweka kwanza, futa kwa kitambaa. Ukimaliza kuosha, usilipaki gari papo hapo: zunguka nalo mtaani ukigusa breki mara kadhaa, diski zikauke, la sivyo kesho asubuhi utando wa kutu utakuwa vumbi la kwanza kwenye rimu safi.