Kabla Hujanunua Gari Dogo la Ranchi, Pima Mzigo na Njia Yako

Mfugaji anapokuja kutuomba ushauri kuhusu gari dogo la kazi za ranchi, lile lenye viti vya kukaa ubavu kwa ubavu, usukani wa duara na bodi fupi ya mizigo nyuma, swali lake la kwanza karibu kila mara huhusu ukubwa wa injini. Sisi tunaofundisha matumizi ya zana za kilimo na ufugaji hapa Arusha humwomba aliweke swali hilo kando, kisha atusimulie siku yake moja ya kazi tangu ng'ombe wanapotoka zizini hadi wanaporudi: anabeba nini, kilo ngapi, kwa umbali gani, anavuka makorongo mangapi, na ni nani anayeendesha. Majibu hayo ndiyo yanayochagua gari, na mara nyingine huonyesha kwamba gari analolitaka silo analolihitaji.

Watengenezaji huyaita magari haya UTV. Kawasaki ilianza kuuza Mule mwaka 1988, Polaris ikatoa Ranger mwaka 1998, na Kubota ikaleta RTV900 yenye injini ya dizeli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hayo matatu yalibuniwa kwa ajili ya kazi. Baadaye likaota tawi la pili, la michezo, ambalo mfano wake ni RZR ya Polaris: springi ndefu, kasi kubwa, na nyuma sehemu ndogo ya kuwekea mizigo isiyotosha hata magunia mawili. Kwenye picha ya simu matawi haya mawili hufanana sana, kwa hiyo mtu anayeagiza gari lililotumika kutoka ng'ambo ahakikishe jina kamili la aina ya gari kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Tuanze na mzigo, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Karatasi ya maelezo ya gari huonyesha uzito unaoruhusiwa kwenye bodi, uzito wote ambao gari linaruhusiwa kubeba pamoja na watu, na uzito unaoweza kuvutwa kwa tela. Muuzaji hupenda kutaja ule wa kuvuta kwa kuwa ndio mkubwa kuliko yote. Mfugaji anapaswa kuushika ule wa katikati. Tuseme gari limeandikiwa kubeba kilo 450 kwa jumla. Dereva ana kilo 75, msaidizi wake kilo 70, na ndani kuna boksi la zana, mnyororo na winchi, jumla kilo 30. Zinabaki kilo 275. Pipa la chuma la lita 200 likijaa maji lina kilo 200 za maji peke yake, na pipa lenyewe huongeza kilo kama 20. Kilichosalia ni kilo 55, yaani gunia moja la pumba, na gari limeshafika mwisho wake kabla hujamwambia mchungaji wa tatu apande. Magunia ya lumbesa, ambayo uzito wake haujulikani hadi yapande mizani, hayafai kabisa kukadiriwa kwa macho katika hesabu hii.

Hesabu hiyo hiyo inatupeleka kwenye jambo ambalo tunalisema wazi hata pale mfugaji anapokuwa ameshakunja uso: gari la UTV si chombo cha kusombea maji ya mifugo. Ng'ombe mkubwa katika joto la tambarare za Longido au Simanjiro anaweza kunywa lita 40 kwa siku. Ng'ombe 60 wanahitaji lita 2,400, ambazo ni mapipa 12. Kama birika liko kilomita 4 kutoka kisimani, hiyo ni safari 12 za kwenda na kurudi, kilomita 96 za porini kila siku, kwa ajili ya maji tu. Gari litachakaa ndani ya msimu mmoja, na fedha iliyotumika kulinunua ingeweza kulaza bomba la plastiki kutoka kisimani hadi kwenye birika, au kununua tela la tangi la kuvutwa na trekta. Kazi inayoliingizia gari hili heshima ni nyingine: kukagua fensi ukiwa na nguzo chache, roli ya seng'enge na koleo, kupeleka chumvi ya mawe kwenye malisho ya mbali, kumchukua mtaalamu wa mifugo na kibaridi chake cha chanjo hadi josho bila chupa kuvunjika, kumrudisha ndama aliyezaliwa usiku mbali na zizi. Hiyo ni mizigo ya kilo 100 hadi 250 inayopita mahali ambapo pikapu haipiti au inapita kwa hasara.

Ni lazima pia tuviseme vyombo tulivyovizoea, maana mara nyingi ndivyo jibu. Guta la injini, ambalo wengi hapa huliita Toyo, hubeba mzigo mkubwa kwa bei ndogo na spea zake zinapatikana hadi vituo vya minada, lakini lina gurudumu moja mbele linalozama kwenye mchanga, na kwenye mteremko wa kukata kwa ubavu huanguka kwa urahisi. Kirikuu, yaani Suzuki Carry ya injini ya sentimita za ujazo 660, imekadiriwa huko Japani kubeba kilo 350, ina namba ya usajili, inaingia barabara kuu, na zipo zinazovuta magurudumu yote manne. Kwa mfugaji ambaye njia zake ni za vumbi lakini zimesawazishwa, na ambaye kila wiki hupeleka maziwa au mbuzi mjini Moshi, kirikuu inayovuta kwa magurudumu yote manne humfaa kuliko UTV, na tunamshauri hivyo bila kusita. Upungufu wake ni magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi. Magari mengi ya UTV huacha nafasi ya sentimita 25 hadi 35 chini ya tumbo, na hapo ndipo tofauti inapoonekana kwenye kingo za makorongo na kwenye mawe ya Monduli juu.

Baada ya mzigo inafuata njia, na njia ya ranchi za upande wetu ina tabia zake. Vumbi la volkano la West Kilimanjaro na la kutoka Ngaramtoni kuelekea Longido ni laini kama unga wa ngano, na hupita kwenye filta ya hewa iliyochoka kana kwamba haipo. Angalia mahali ambapo injini inavuta hewa: tundu likiwa juu, nyuma ya viti au karibu na paa, injini itaishi muda mrefu kuliko ile inayovuta hewa karibu na magurudumu. Chagua gari ambalo filta yake hufunguliwa kwa mkono bila spana, kwa sababu filta inayohitaji nusu saa kufikiwa haitasafishwa. Filta ya karatasi isipulizwe kwa upepo mkali wa gereji, maana hutoboka matundu usiyoyaona. Igongwe taratibu, na ikichakaa ibadilishwe.

Mwinuko nao hupunguza nguvu. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu yake, na ile ya kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, huanza kula petroli kupita kiasi kwa kuwa hewa ni nyepesi. Injini yenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia mafuta hujirekebisha yenyewe. Kwa hiyo mfugaji wa Siha anayepanda na kushuka kila siku tunamshauri aachane na kabureta, ingawa mafundi wetu wengi wameizoea.

Jambo linalohitaji subira zaidi ni namna nguvu ya injini inavyofika magurudumuni. UTV nyingi hutumia mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadilisha upana, bila dereva kubadili gia. Ni mfumo mwepesi, wa bei nafuu na rahisi kwa mtu asiyejua klachi, lakini adui zake ni watatu: joto, vumbi na maji. Dereva anayepanda mlima na mzigo akiwa kwenye gia ya juu huulazimisha mkanda uteleze, mkanda hupata joto, na siku moja hukatika katikati ya korongo. Dawa yake haina gharama: ukiwa na mzigo mzito, ukivuta tela, au ukienda chini ya kilomita 20 hivi kwa saa, tumia gia ya chini, ile iliyoandikwa L. Maji yakiingia kwenye nyumba ya mkanda baada ya kuvuka mto, gari litanguruma bila kwenda. Simama mahali salama, weka gia huru, fungua kifuniko cha kutolea maji, kisha zungusha injini hadi mkanda ukauke.

Mfumo wa pili ni wa haidroli, kama ule wa RTV za dizeli za Kubota, ambamo pampu husukuma mafuta yanayozungusha magurudumu na mkanda haupo kabisa. Ukiachia pedali kwenye mteremko, gari hupunguza mwendo lenyewe, sifa ambayo kwenye miteremko ya Siha tunaithamini kuliko kasi yoyote. Hauendi mbio, na unadai mafuta safi na filta sahihi kwa wakati wake. Fundi anayejaza mafuta yoyote yaliyopo atauua. Kwa ranchi yenye milima na mizigo ya kila siku, huo ndio tunaoupendelea. Kwa ukaguzi wa tambarare, mkanda unatosha. Atakayechagua mkanda, basi aulize kama gari lina uwezo wa kujizuia kwa injini linaposhuka, kwani yapo ambayo mwendo ukipungua mkanda hulegea na gari likaachiwa breki peke yake.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye tairi hadi gurudumu likawa kama mpira wa matope. Wepesi wa UTV husaidia, na difu loki ya nyuma, inayoyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, husaidia zaidi, lakini ni heri ijulikane kwamba wakati mwingine jibu la udongo huo ni kuacha gari zizini. Kiangazi adui ni miiba ya migunga. Nunua tairi zenye ply (tabaka) 6 au 8, na ndani ya gari kaa na vifaa vya kuziba pancha na pampu ya kutumia betri, kwa sababu tairi hizi zina upepo mdogo na mwiba mmoja hulitosha.

Usalama hauna nafasi ya mjadala. Nguzo za chuma zinazozunguka viti na mkanda wa kiti ni kitu kimoja kilichogawanywa mara mbili: gari likipinduka, nguzo hukulinda iwapo tu mkanda umekushikilia ndani yake, na asiyefunga hurushwa nje na mara nyingi nguzo zile zile humwangukia. Kwa hiyo kusiwe na mchungaji anayekaa au kusimama kwenye bodi, hata kama umbali ni mfupi na hata kama ameomba. Watengenezaji huelekeza kwamba anayeendesha awe na umri usiopungua miaka 16, na abiria awe na miguu inayofika sakafuni. Tunajua kwamba kwenye familia za wafugaji watoto huanza kazi mapema. Usukani huu si wa kumpa mtoto. Tangi la dawa au la maji lililojaa nusu nalo ni la kuogopwa, kwani maji hukimbilia upande wa chini wakati wa kukata kona na kuvuta gari zima. Lijaze, au tumia tangi lenye vizuizi ndani. Kwenye lami usilipeleke: mengi hayakujengwa kwa barabara hiyo, na mhimili wa nyuma uliofungwa hulifanya ligome kukata kona na kuinuka upande mmoja.

Kuhusu gharama, muulize wakala wa forodha ataliingiza gari chini ya kichwa gani cha ushuru, kwa sababu magari ya watu (8703), ya mizigo (8704) na matrekta (8701) hayatozwi sawa, na jibu la Mamlaka ya Mapato (TRA) ulipate kwa maandishi kabla gari halijapakiwa melini. Kisha muulize muuzaji vitu vinne avionyeshe kwa mkono, si kwa katalogi: mkanda, filta ya hewa, beringi za magurudumu na buti za ekseli, yaani mipira inayofunika maungio yake. Asipokuwa navyo Arusha, Moshi au Dar es Salaam, nunua seti mbili pamoja na gari.

Kwa gari lililotumika, soma mita ya saa za injini, kisha tazama mpira wa pedali ya breki: saa 300 haziwezi kuula mpira hadi chuma kikaonekana. Fungua nyumba ya mkanda. Ukikuta vumbi jeusi jingi na mistari iliyoungua kwenye puli, gari limevutishwa mizigo kwenye gia ya juu. Halafu omba kulijaribu, na ujaribu kwa mzigo wako mwenyewe. Pakia pipa lililojaa hadi ukingoni na ulifunge, mweke msaidizi pembeni, panda kilima unachokipanda kila siku, simama katikati, zima injini, shikilia kwa breki ya mkono, kisha washa na uondoke tena. Muuzaji akikataa jaribio hilo, chukua pipa lako urudi nalo nyumbani.