Je, wajua kwa nini injini yenye kemshafti ya mbio haitulii kwenye sailensi?

Simama karibu na gari la mashindano lililowashwa bila kukanyagwa mafuta, yaani likiwa kwenye sailensi. Badala ya mlio mmoja uliotulia, utasikia injini ikidunda, ikisita, ikidunda tena, kana kwamba inataka kuzima. Wapo wanaodhani ni ubovu, na wapo wanaodhani fundi kaifanya makusudi ili watu wageuze shingo. Lakini mdundo huo hakuna aliyeulenga. Injini imepangwa ipumue vizuri kwenye raundi kubwa, na huku chini lazima ilipe.

Kemshafti ndiyo inayoamua valvu zifunguke lini, kwa kimo gani na kwa muda gani. Ina nundu zenye umbo la yai, na kila nundu ikizunguka husukuma valvu yake. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Kwa hiyo injini ikiwa raundi 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 ndani ya sekunde moja.

Sasa piga hesabu ya muda. Kwenye sailensi ya raundi 800, pistoni hushuka kutoka topu hadi chini kwa karibu sekunde 0.04. Kwenye raundi 6,000 safari hiyo hiyo huchukua sekunde 0.005. Hewa ina uzito wake, haianzi mwendo papo hapo wala haisimami papo hapo. Ni kama abiria wanaogombea daladala jioni: konda hata akipaza sauti kwamba pamejaa, wa nyuma bado wanasukuma na wawili watatu zaidi wanaingia. Mtengenezaji wa kemshafti ya mbio hutegemea msukumo huo. Huiacha valvu ya hewa wazi hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda, maana hewa bado inajipenyeza yenyewe.

Chukua injini ya Toyota 4A-GE yenye valvu 16, ile iliyokuwa kwenye Corolla AE86 ya miaka ya 1983 hadi 1987. Kemshafti zake za kiwandani ni za nyuzi (digrii) 240, yaani krenki huzunguka nyuzi 240 valvu ikiwa wazi. Madukani ziko za 264, 272, 288, hata 304. Ukifunga ya 288, kilele cha nundu kikiwa nyuzi 110 baada ya topu, valvu ya hewa itafunguka nyuzi 34 kabla pistoni haijafika topu na kufunga nyuzi 74 baada ya pistoni kutoka chini. Ya 240 katika mpangilio huo huo ingefunguka nyuzi 10 tu kabla.

Mdundo unazaliwa kwenye hizo nyuzi 34. Pistoni bado inamalizia kusukuma moshi nje na valvu ya moshi haijafunga, huku ya hewa imeshafunguka. Kwenye raundi kubwa hilo ni jambo jema: moshi unaotoka kwa kasi huivuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye sailensi kasi hiyo haipo. Kilichopo ni vakyumu, yaani shinikizo dogo linalofyonza, ndani ya manifoldi ya hewa (bomba zinazoleta hewa kwenye silinda), nayo huuvuta moshi urudi ndani. Silinda ikipata mchanganyiko uliojaa moshi, huwaka vibaya au haiwaki kabisa. Mzunguko unaofuata hupata mchanganyiko safi kidogo, huwaka kwa nguvu. Kuwaka na kukosa huko ndiko sikio linakosikia.

(Usichanganye na mngurumo wa Subaru za zamani unaopendwa sana Nairobi na Dar. Ule hausababishwi na kemshafti. Unatokana na manifoldi ya eksozi yenye bomba zisizolingana urefu, na ukifunga za urefu sawa, unapotea.)

Kuifunga kemshafti yenyewe si kazi ya kulinganisha alama za taimingi na kukaza nati tu. Nundu ikiwa kubwa, valvu hushuka zaidi na kukaa wazi zaidi, na pistoni iko njiani. Fundi makini hubandika kipande cha plastisini (udongo laini wa kufinyanga) juu ya pistoni, hurudisha hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu), huzungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, hufungua tena, hukata plastisini na kupima unene uliobaki. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kubakiza milimita 2 upande wa valvu ya hewa na 2.5 upande wa moshi. Moshi huachiwa nafasi zaidi kwa sababu pistoni huifukuza valvu hiyo ikipanda, na springi inayoirudisha valvu ikichelewa kidogo tu, zinagongana. Ndiyo maana springi nazo hubadilishwa.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Kwenye injini za zamani zenye tapeti bapa (vipande vinavyokaa juu ya nundu) na fimbo za kusukuma valvu, kama V8 nyingi za Marekani, kemshafti mpya hupakwa grisi maalumu, kisha injini ikiwaka tu hupandishwa hadi raundi 2,000 au zaidi na kushikiliwa hapo kwa dakika kama 20. Haiachwi kwenye sailensi hata kidogo. Nundu hizo hulainishwa na oili inayorushwa na krenki, na krenki ikienda polepole hairushi ya kutosha. Kemshafti mpya inaweza kulika siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kuiseti. Gia ya kemshafti inayorekebishika humruhusu fundi kuiwahisha au kuichelewesha nyuzi chache: ukiiwahisha ya hewa, nguvu za chini huongezeka, ukiichelewesha, za juu. Halafu kompyuta ya gari. Nyingi hupima shinikizo la manifoldi ili kujua injini imebeba mzigo kiasi gani. Vakyumu ikiwa hafifu kwa sababu ya kemshafti, kompyuta hudhani gari linapanda mlima na kumwaga petroli. Kihisi cha oksijeni nacho hudanganyika, maana silinda iliyokosa kuwaka hutoa oksijeni ambayo haikutumika, kikaripoti kwamba petroli haitoshi. Petroli inaongezwa tena, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari analalamika kauziwa kemshafti mbovu. Bila kuandika upya ramani ya petroli na ya moto ndani ya kompyuta, na kupandisha sailensi hadi raundi 1,000 au zaidi, pesa yako imelala bure.

Hata breki huguswa, kwa kuwa busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, inategemea vakyumu hiyo hiyo. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu moja ya sita, busta huanza ikiwa na nguvu pungufu zaidi.

Kwa gari la kwenda kazini, maoni yangu ni kwamba 288 ni adhabu. Kwenye foleni injini haizidi raundi 2,500, na huko ndiko kemshafti hiyo inakosa nguvu kabisa. Honda walilishughulikia mwaka 1989 kwa VTEC kwenye Integra: nundu za aina mbili kwenye kemshafti moja, laini kwa mwendo wa polepole na kali kwa raundi kubwa. Injini hiyo ya lita 1.6 ilitoa nguvu farasi 160. VVT-i ya Toyota, iliyo kwenye Vitz na IST zilizojaa barabarani kwetu, haibadilishi nundu. Huizungusha kemshafti ya hewa mbele au nyuma injini ikiwa inafanya kazi, na kwenye sailensi huichelewesha ili moshi usirudi. Kwa hiyo ukitaka kufunga kemshafti kali kwenye injini ya namna hiyo, kipimo cha plastisini hufanywa mara mbili: mara moja kemshafti ikiwa imecheleweshwa, na mara ya pili ikiwa imewahishwa hadi mwisho.