CSS: fomu haikai katikati? Tazama urefu wa mzazi

Wanaojifunza CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, wakiniletea kodi iliyogoma, mara nyingi tatizo ni lile lile: wameandika `align-items: center`, amri ya kuweka vilivyomo katikati kwa wima, lakini fomu bado imeng'ang'ania juu ya ukurasa. Kodi haina kosa. Kilichokosekana ni nafasi.

Kisanduku cha kawaida kama `div` hujitanua mpaka kijaze upana wote wa mzazi wake, yaani kisanduku kinachokibeba. Urefu ni habari nyingine kabisa: kinarefuka kadiri ya kilichomo ndani, basi. Ndiyo maana katikati ya mlalo haijawahi kuwa na shida kubwa. Unakipa kisanduku upana, unaandika `margin: 0 auto`, na nafasi iliyobaki inagawanywa sawasawa kushoto na kulia. Kwa wima hakuna kilichobaki cha kugawa. Mzazi ana urefu ule ule wa fomu, kwa hiyo juu na katikati ni pale pale.

Kama huamini, mpake mzazi rangi: `background: pink`. Rangi ikiishia fomu inapoishia, jibu umeshalipata.

Mimi kwa ukurasa wa kuingia naandika hivi:

```
.mzazi {
  display: grid;
  place-items: center;
  min-height: 100vh;
  min-height: 100dvh;
}
```

Mistari miwili ya mwisho si kurudia kwa bahati mbaya. Kwenye simu, `100vh`, yaani urefu wote wa skrini, huhesabiwa kana kwamba upau wa anwani umejificha; ukionekana, ukurasa unazidi skrini na kitufe cha chini kinazama. `dvh` inafuata urefu uliopo kweli wakati huo. Kivinjari cha zamani kisichoijua kinauruka mstari huo na kubaki na ule wa juu yake.

Na ni `min-height` (urefu wa chini kabisa, unaoweza kuongezeka), tafadhali, si `height`. Ukitumia flex (`display: flex`, njia nyingine ya kupanga visanduku kama grid) yenye `height` iliyofungwa, mtu akailaza simu yake, fomu inakuwa ndefu kuliko mzazi. Kwa kuwa umeamuru katikati, inamwagika juu na chini kwa kiasi sawa. Ya chini utaishusha uione; ya juu hata usogeze vipi huifikii, na huko ndiko kwenye sehemu ya kujaza namba ya simu. Kama lazima urefu ufungwe, andika `align-items: safe center`, au mpe mtoto `margin: auto`: nafasi ikiisha, fomu inaanzia juu kama kawaida.

`text-align: center` iachie maandishi, haisogezi kisanduku chenyewe.

Tangu 2024 vivinjari vikubwa vinakubali `align-content: center` hata kwenye `div` isiyo na flex wala grid. Naipenda kwa kadi ndogo ndogo, ambazo hata zisipokaa katikati hakuna atakayekwama. Ukurasa wa kuingia bado nauachia grid, maana simu nyingi mikononi mwa watu hazijasasishwa muda mrefu.